Bi Harusi wa Serikali Mbili

Jumatatu, 7 Agosti

Sijalala. Bi Harusi amefika dirishani! Asubuhi nimemkuta kichwa chake kimeshikana na pazia la chumba cha kufulia, utadhani anachungulia nani anapita. Nimemfunika tena shuka jeupe. Ndiyo maana ya jina lake. Jina halisi siliandiki humu.

Basi, naliandika. Bangi. Mche mmoja tu wa bangi! Jimbo letu la Oregon linaruhusu minne kila nyumba. Mimi ninao mmoja. Raia mwema kuliko mimi hayupo.

Balaa ni nyumba. Kodi yetu ya pango inasaidiwa na Serikali Kuu ya Marekani, na Serikali Kuu haitaki kusikia habari za Jimbo. Kwake bangi ni haramu, iwe mche, iwe jani, iwe harufu. Ukikutwa nayo ndani, msaada unakatwa na wewe unatoka. Jimbo linaniambia panda. Serikali Kuu inaniambia thubutu. Na zote mbili ni serikali zangu, nazilipia kodi. Wahenga walisema wapiganapo tembo wawili ziumiazo ni nyasi. Nyasi zenyewe ninazo hapa, zimefunikwa shuka.

Nadine, mke wangu, amesema leo ni mara ya mwisho kunionya. Kabla ya nyumba hii tuliishi kwenye trela lenye kuvuja, tukasubiri zamu yetu mpaka mvi zikatuota. Magoti yake hayapandi ngazi tena. Hapa hakuna ngazi. "Virgil," kaniambia, "nyumba au mti. Chagua kimoja." Nimemwambia asiwe na wasiwasi. Wasiwasi ninao mimi, unatosha nyumba nzima.

Na wala sivuti! Nikivuta nakohoa mpaka machozi yanatoka. Nataka utepe wa bluu tu, ule wa mshindi wa kwanza, kwenye Maonyesho ya Kaunti ya Tolliver. Basi. Ni dhambi hiyo?

Jumanne, 8 Agosti

Opal Crump amekuja asubuhi na chupa ya matango ya siki, kisingizio cha kuja kunusa. Bibi wa miaka sabini na ushee, jirani yangu wa ng'ambo ya barabara. Utepe wa bluu wa boga ni wake. Wa jemu ya beri ni wake. Mwaka jana maonyesho yalifungua shindano la miche ya bangi kwa mara ya kwanza, na huo nao akauchukua! Nyumba yake ni yake mwenyewe, hana mkaguzi, anapanda barazani huku anaimba nyimbo za kanisani.

Kasimama mlangoni akavuta pumzi ndefu. Akaniuliza kama tunapika kitu. Nikasema kabichi. Akasema kabichi yangu ina harufu ya nafasi ya pili. Yule mama ana ulimi! Nilitamani kumfungulia mlango wa chumba cha kufulia aone, aanguke pale pale. Nikajizuia. Jasho jembamba lilinitoka mpaka kwenye magoti.

Hajamaliza kuvuka barabara, simu ikalia. Bi Ramona Tisdale, mkaguzi wa nyumba. Anakuja Ijumaa. Ukaguzi wa mwaka, chumba kwa chumba. Nikamjibu karibu sana kwa sauti ambayo haikuwa yangu. Nadine ameniuliza mbona nimekaa sakafuni. Nimemwambia kuna baridi nzuri hapa chini.

Jumatano, 9 Agosti

Nimewaza mpaka kichwa kinauma. Bi Harusi lazima atoke. Wapi?

Wazo la kwanza: nimweke nyuma ya pikapu, chini ya turubai, niegeshe mjini nyuma ya posta mpaka ukaguzi uishe. Nikakumbuka posta ni ya Serikali Kuu! Hata maegesho yake. Ningempeleka mwizi kwa polisi. Wazo la pili: karibu na bwawa. Bwawa ni lao. Karibu na mabirika ya kufugia samaki. Ni yao. Msituni. Msitu wote wao! Nimeishi kaunti hii tangu nizaliwe, leo ndiyo nagundua nimezingirwa. Nimeangalia hata kivuli changu ukutani nikajiuliza ni cha nani.

Amebaki Gus Halvorsen. Rafiki yangu, mkata magogo mstaafu, ana shamba lake nyuma ya kilima na banda la vioo la nyanya. Amekubali kumpokea Bi Harusi kwa sharti nisimweleze mkewe. Lakini kufika! Ardhi ya huku imekatwa kama bodi ya drafti. Zamani za mababu Serikali ilimpa mwenye reli mraba mmoja, ikaacha mmoja, ikampa mmoja, ikaacha mmoja. Mpaka leo ndivyo ilivyo: mraba wa mtu, mraba wa Serikali Kuu, mraba wa mtu. Barabara ya kwenda kwa Gus inapita katikati ya mraba wao, na kwa sababu ya kiangazi askari wa msitu wameweka kizuizi. Wanapekua kila gari, wanatafuta vyombo vya kuwashia moto. Mimi nikatize pale na mche mrefu kuliko mimi? Wangenikuta nimeshazimia kwenye usukani.

Gus akacheka. Akasema mimi na ukubwa wangu nimesahau drafti inavyochezwa. Kete haziendi mbele, zinaenda mshazari! Mraba wetu wa mji na mraba wake inagusana kwenye kona. Kona tu, alama ya shaba ya wapima ardhi iko pale chini. Mtu akivuka juu ya ile alama, mguu mmoja kwetu, mguu wa pili kwake, hajakanyaga udongo wa Serikali Kuu hata chembe. Nimemkumbatia. Kumbe wakata magogo wana akili!

Nikalala kidogo. Halafu nikaamka nikijiuliza: na hewa je?

Alhamisi, 10 Agosti

Leo ndiyo ilikuwa siku.

Nimemtoa Bi Harusi mapema, nimemlaza kwenye toroli, shuka jeupe, kamba kiunoni. Nadine kanifungulia mlango wa nyuma, kanishika mkono muda mrefu kuliko kawaida. Nimesukuma toroli kupitia uwanja wa mpira, kupitia malisho ya farasi, mpaka kilimani. Kila ndege akiruka, nami naruka. Farasi mmoja kanifuata ananusa shuka. Nikamsihi kwa jina la Mungu aondoke.

Gus alikuwa upande wake, amekaa juu ya kisiki, anakula sandwichi. Alama ya shaba ipo kweli, ndogo, imechomoza kwenye nyasi kama kitufe cha koti. Kulia Serikali Kuu, kushoto Serikali Kuu. Nikamuuliza kuhusu hewa. Akasema hewa ni ya Mungu, nisukume. Nikauliza ana hakika? Akasema yeye ni mkata magogo, si hakimu.

Nikainua mguu. Nikauweka kwake. Nikajikuta nimetanua miguu juu ya alama, mguu huku mguu kule, toroli katikati, siwezi mbele siwezi nyuma. Na hapo hapo, salaale! Sauti ya kike ikatusalimu. Askari wa msitu! Kofia, beji, redio begani. Kasimama upande wa kulia, kwenye mraba wake, anatutazama kama watu wanaocheza mchezo asioujua.

Roho iliniruka. Nilitaka kukimbia lakini sikujua mguu upi ni wangu. Akauliza kama tuna kibiriti. Gus akasema hatuna. Akauliza kuna nini chini ya shuka. Gus akafungua mdomo wenye sandwichi. Mimi nikawahi: nyanya! Nikaona haitoshi. Nikaongeza: nyanya mgonjwa! Upepo ukapiga, shuka likainuka, na harufu ikamfuata pale pale alipo.

 Mimi, akilini, nikamwona Nadine anapanda ngazi za trela na magoti yake yale. Nikamwona waziwazi, na sanduku mkononi.

Yule binti akatazama chini. Gurudumu la toroli lilikuwa limelala juu ya nyasi za upande wake. Akasogea, akaweka ncha ya buti kwenye gurudumu, akalisukuma taratibu mpaka likavuka alama.

"Haya," akasema. "Sasa si nyanya yangu."

Akatutakia siku njema, akatukumbusha tusiwashe moto, akaondoka zake. Nimekaa chini nikalia. Gus amesema hajawahi kuona mwanamume analia huku amekumbatia toroli. Namwomba Mungu ampandishe cheo yule binti, ila si huku kwetu.

Ijumaa, 11 Agosti

Bi Tisdale amekuja. Mama mpole, miwani shingoni, viatu vya kimya. Hao ndio wa kuogopa! Mwenye kelele unamsikia akija.

Amefungua bomba, amewasha jiko, amebonyeza king'ora cha moshi mpaka nikapiga kelele kabla yake. Halafu chumba cha kufulia. Nilikuwa nimepangusa, nimedeki, nimepulizia manukato ya Nadine ya Krismasi. Akatazama ndoano darini, ile niliyomfungia Bi Harusi kamba asiiname. Akatazama sakafu, duara la udongo mahali ndoo ilipokaa. Akanitazama mimi. Hakuuliza kitu! Kosa langu ni hilo, siwezi kuvumilia kutoulizwa. Nikamweleza kwamba ndoano ni ya kufanyia mazoezi ya mgongo. Kwamba udongo ni wa usoni, Nadine anajipaka. Kwamba sisi ni watu tunaopenda kabichi. Nadine akanikanyaga kidole cha mguu kwa nguvu zake zote.

Bi Tisdale akasema amekagua nyumba nyingi, na siku nzuri kwake ni ile asiyoona kitu. Leo, akasema, ni siku nzuri. Tumepita! Nyumba ni yetu mwaka mwingine. Akanywa kahawa, akala mkate wa mahindi, akatuambia wiki ijayo ataonana nasi kwenye maonyesho, ameombwa awe mwamuzi wa jemu.

Nadine ameosha vyombo huku anaimba. Nilikuwa nimesahau kama anaimba. Amesema majira ya kupukutika kwa majani atapanda maua ya tulipu mbele ya dirisha, sasa kwa kuwa ana hakika atayaona yakichanua mwakani. Kaniomba nimwachie Gus ule mti auchome. Nimesema sawa, mpenzi.

Jumanne, 15 Agosti

Mvua! Kizuizi kimeondolewa. Gus amepiga simu kwamba Bi Harusi amenenepa, majani kama viganja, nyanya zinamwonea haya. Moyo umenidunda. Nadine alikuwa karibu, nikasema mtu amekosea namba.

Nimefikiri sana. Nyumba imeshapita. Mti hauko ndani. Kutoka banda la Gus hadi uwanja wa maonyesho ni safari moja ya pikapu, wa kupekua njiani hayupo tena, na uwanja ni wa kaunti, na kaunti ni ya Jimbo. Serikali Kuu iko wapi hapo? Haipo! Nimeitafuta pande zote sijaiona. Hofu ninayo bado, lakini hiyo ni mazoea.

Leo Opal kapita na mche wake kwenye kitoroli cha watoto, anaupeleka kupunga hewa. Kaniambia mwaka huu amepata wasiwasi kidogo, hajui autundike wapi utepe mwingine, ukuta umejaa. Nikasema pole. Nilisema pole huku meno yamekazana.

Jumamosi, 19 Agosti

Nimeshinda! Naandika kwa mkono mmoja, wa pili umeshika utepe.

Tuanze mwanzo. Gus kamleta Bi Harusi kwa pikapu yake. Hema la miche lina uzio, watoto hawaingii, lakini watu walijaa mpaka nje. Nilipovua lile shuka, watu walisema ooo. Kweli kabisa, ooo! Mche wa Opal ukaonekana kama mboga iliyosahauliwa kwenye friji. Nadine alikuja na mimi akidhani tumekuja kula pai ya beri. Alipouona mti uso wake ulibadilika, nikamwambia nitamweleza baadaye.

Mwamuzi alikuwa Bwana Fitch, mwalimu mstaafu wa kilimo, mtu wa kanuni. Akanyoosha utepe. Ndipo Opal akainua mkono! Akasema ana pingamizi. Kwamba kanuni inataka mche uwe umeoteshwa na mshiriki nyumbani kwake mwenyewe, na yeye kwa macho yake ameona huu ukishushwa kwenye pikapu ya Halvorsen, na mtaa mzima unajua kwa Virgil Ostrander hakuna mche, kuna kabichi. Watu wakacheka. Nilicheka nao, kwa aibu.

Bwana Fitch akanipa kipaza sauti. Akaniuliza swali moja tu.

"Mzee Ostrander, mche huu umeuotesha wapi?"

Hapo ndipo nikamwona Bi Tisdale. Pembeni ya uzio, kijiko cha jemu mkononi, na mwenzake wa ofisini kando yake. Uso umempauka. Akatikisa kichwa, kidogo tu, kama mtu anayemwonya mtoto asiguse jiko. Nikamtazama Nadine. Nadine alikuwa amefunika mdomo kwa mikono miwili.

Niliogopa. Sijawahi kuogopa vile, hata kwenye kona. Nilijua: nikisema kwa Gus, nyumba ninayo. Nikisema kwangu, utepe ninao.  Nilikuwa naanza kusema Gus, jamani, nilikuwa nimeshafikia herufi ya kwanza!

Halafu Opal akamwambia jirani yake, kwa sauti ya kusikika, kwamba alijua tangu mwanzo, huyu hawezi kuotesha hata ndevu.

"Kwangu!" nikasema. "Nyumbani kwangu! Mtaa wa Alder, namba kumi na saba, chumba cha kufulia, dirisha la kusini! Tangu mbegu! Kwa mikono yangu!"

Kipaza sauti kilikuwa kikali, wamesikia mpaka kwenye mabanda ya nguruwe. Makofi! Gus alipiga mluzi. Opal kanyamaza, kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu. Bwana Fitch kanibandika utepe kifuani. Nilipogeuka kumtafuta Nadine, alikuwa ameshatoka.

Jumatatu, 21 Agosti

Bi Tisdale amekuja. Hakukaa, hakutaka kahawa. Alisimama mlangoni macho yamemvimba. Akasema Ijumaa ile aliona kila kitu alichohitaji kuona, duara lile na ndoano ile, akaamua hajaona. Lakini ameshindwa kutosikia. Yule mwenzake aliyekuwa kando yake kumbe ndiye mkubwa wake. Mtu amesema mwenyewe, hadharani, namba ya nyumba na dirisha.

Nikamweleza kwamba Jimbo linaruhusu minne. Akasema anajua. Nikamwambia nimepewa utepe na kaunti. Akasema ameuona, ni mzuri. Nikamuuliza basi nani amekosea? Akasema hakuna aliyekosea kwa Jimbo. Kwa Serikali Kuu tunatakiwa tutoke.

Nadine alikuwa nyuma yangu anakunja taulo. Aliendelea kukunja. Zilipoisha akazikunjua, akaanza upya.  Nina hofu na ukimya wake kuliko serikali zote mbili.

Jumamosi, 7 Oktoba

Tuko Idaho, jimbo la jirani, kwa Verna, dada yake Nadine. Chumba cha juu. Ngazi kumi na nne. Nadine anazipanda kwa kukaa, moja moja, anajivuta kwa mikono, na hataki nimsaidie.

Lazima niseme nimepata utulivu wa moyo. Huku Idaho bangi ni haramu kwa Serikali Kuu na haramu kwa Jimbo. Zimekubaliana! Hakuna drafti, hakuna kona, mtu unajua pa kusimama. Verna mwenyewe hataki hata neno litajwe mezani, anasema tu ule mmea wa Virgil, halafu anapiga ishara ya msalaba, na wala si Mkatoliki. Gus amesema kwenye simu Opal ameomba ile nafasi tuliyoiacha ya uongozi wa bustani ya mtaa. Wacha ahangaike.

Jioni Nadine amezungumza na mimi, mara ya kwanza tangu tuhamie. Alikuwa amekaa ngazi ya sita anapumzika. Akaniuliza, "Siku ile, na kile kipaza sauti mkononi, uliniona?"

Nikasema nilimwona.

"Uliniona, na bado ukasema?"

Nikamwambia ukweli, mume humwambia mkewe ukweli: mwamuzi aliuliza. Na Opal alikuwa amenitusi. Angekuwa yeye angefanyaje? Nadine akaendelea kupanda. Ameshafika juu, amefunga mlango. Nitalala kwenye kochi huku chini. Nadhani amechoka tu, ngazi zinachosha.

Nimekaa nimelitafakari jambo zima kwa haki, na kosa langu nimeliona. Sikupaswa kutaja namba ya nyumba. Mtaa wa Alder ungetosha! Mwaka ujao nitakuwa makini zaidi. Ng'ambo ya mto ni Oregon, na wana maonyesho yao, mwezi wa nane, na nimesikia waamuzi wao hawana maswali mengi. Ni daraja moja tu. Verna ana stoo nyuma ya nyumba ambamo haingii mtu, dirisha linatazama kusini, na leo alasiri nimesimama humo nikaona jua linavyokaa. Naogopa sana. Lakini mbegu moja, jamani, inaingia kwenye soksi.